Mshubiri wa Mama Mkwe

Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikachota maji, kisha nikaumwagilia mshubiri wa mama mkwe. Ulikuwa karibu na ukuta, penye jua kali. Majani yake yalikuwa manene, yenye madoa meupe.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kumtunza binti yake mkubwa aliyejifungua. Aliponiaga alisema, "Mwanangu, huo mmea nakukabidhi wewe."

Nilikuwa na miezi miwili tu katika nyumba ile. Hata kukohoa niliogopa.

Wiki ya tatu majani ya chini yakalegea kama ndizi iliyoiva mno. Nikaongeza maji. Yakazidi kuoza.

"Bi arusi," wifi yangu alinitania, "mama akirudi utamwambia mmea umekwenda kutembea?"

Sikucheka. Nilikwenda kwa jirani anayetunza bustani ya zahanati. Nilisimama mlangoni kimya mpaka akaniona.

"Karibu, mwanangu. Au umekuja kunilindia mlango?"

Alikuja nami, akaushika mmea, akauvuta kidogo tu. Ukang'oka. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka.

"Nani anaumwagilia?"

"Mimi. Kila asubuhi."

Mume wangu, aliyekuwa anapiga pasi barazani, akajikohoza. "Na mimi huumwagia maji nikirudi kazini. Nilitaka kukupunguzia kazi, mke wangu."

Wifi akatazama chini. "Mimi huumwagia maji ya kuoshea mboga. Jioni."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. "Maskini! Mmepokezana kuuzamisha! Mshubiri huweka maji yake ndani ya majani. Mizizi ikikaa kwenye matope, inaoza."

Akachukua kisu safi, akakata palipooza mpaka akafika palipo pazima.

"Uweke kivulini siku saba, kidonda kikauke. Ukiupanda kidonda kikiwa kibichi, utaoza tena. Changanya udongo na mchanga wa chembe kubwa na kokoto. Inua tuta ili maji yasituame. Ukishaupanda, usimwagilie wiki nzima. Baada ya hapo, chomeka kidole. Udongo wa ndani ukiwa mkavu kabisa, ndipo umwagilie. Na mwagiliaji awe mmoja!"

Siku ya tano mama mkwe akarudi. Mmea ulikuwa umelala juu ya gunia, hauna hata mzizi.

"Mama, nimeuharibu mmea wako."

"Si yeye peke yake, mama," wifi akadakia. "Ni sisi sote."

Nikaeleza yote. Mama mkwe aliugeuza mmea, akapapasa mahali palipokatwa.

"Miwili iliniozea kabla ya huu," akasema. "Nikadhani ni kiu. Nami nikazidisha maji. Njoo, mwanangu, unionyeshe huo mchanga wa chembe kubwa."

Siku ya saba tuliupanda pamoja. Baada ya miezi miwili jani jipya likachomoza katikati. Kiangazi kilipofika, ukatoa maua ya rangi ya chungwa, na machipukizi manne pembeni. Namshukuru jirani kwa kisu chake. Namshukuru wifi kwa ulimi wake siku ile.

Juzi mgeni aliyaona maua, akamwomba mama mkwe chipukizi moja.

Mama mkwe akanielekezea kidole. "Mwombe mwenyewe, yule pale."