Tarakimu ya Kumi na Saba

"Kameza chambo!"

Sauti ya Zuleica, mkuu wa operesheni, ilipasuka ndani ya redio ya Motorola. Jussara Peçanha alikuwa ameshapanda pikipiki.

"Yuko wapi?"

"Mtaa wa Glória. Baa ya kona, karibu na soko la Jumapili. Saa tisa na nusu sasa. Una nusu saa."

Honda ilichomoka.

Mambo yalikuwa hivi. Huko baharini kuna mtambo wa kuchimba mafuta, Garoupa Tisa, wenye watu mia moja arobaini na wawili. Kompyuta zake zinatumia lugha ya programu iliyotungwa hapa hapa Rio. Kuna fundi aliyeipandikiza lugha hiyo ugonjwa: ikisoma namba fulani, moja tu kati ya mabilioni, inaganda. Ikiganda, hakuna wa kufunga valvu, na kisima kinalipuka. Genge la wageni lingeituma namba hiyo saa kumi kamili. Kuzima mtambo huchukua siku mbili; njia pekee ni kuijua namba hiyo na kuizuia isiingie.

Fundi huyo ni Otacílio Brandt, aliyeandika sehemu inayosoma namba na kuziandika upya.

Mume wa Jussara.

Alitoka nyumbani miezi minane iliyopita, akaacha hata miwani yake. Asikudanganye mtu kwamba majasusi hawalii. Jussara alilia bafuni, bomba likiwa wazi, na asubuhi akaenda kazini.

Chambo kilikuwa chake. Mchana ule aliwaandikia mafundi wa lugha ile, kwenye orodha yao ya barua pepe, kwa jina la mwanafunzi: "Tarakimu kumi na tano zinatosha kuandika namba yoyote bila kupoteza kitu."

Fundi wa kazi ile anaweza kuiuza nchi yake. Lakini aone kosa kama lile, alipite kimya? Thubutu!

Ilimchukua dakika kumi na moja kujibu: "Kumi na saba, kijana. Namba ikiandikwa, lazima ikisomwa tena irudi ileile."

Jibu hilo likawaonyesha alipo.

Jussara aliingia baa mkono ukiwa ndani ya jaketi. Otacílio alikaa ukutani, kahawa mbele yake, kompyuta pembeni. Amekonda, maskini. Karibu naye jitu la miraba minne lilikuwa linatafuna dagaa wa kukaanga.

"Umechelewa, mke wangu," alisema Otacílio.

Moyo ulimpasuka Jussara. Uso haukutikisika.

"Ulijua ni mimi?"

"Kosa lile ulilifanya jikoni kwetu, mwaka wa kwanza. Nilikucheka mpaka ukanirushia mwiko. Nitakusahau vipi?"

"Na bado ukajibu."

"Hawa jamaa walininyang'anya simu. Kumsahihisha mwanafunzi hawakuona ubaya. Nimechoka, Jussa. Nataka kurudi..."

Jitu likachomoa bastola.

Risasi mbili. Bastola ya Jussara, Taurus, ikajibu kwa moja, katikati ya paji la uso. Jitu lilianguka na meza.

Lakini zile mbili zilikuwa za Otacílio. Shati lake lilikuwa linalowa haraka. Jussara alipiga magoti, akamlaza kichwa mapajani.

"Namba, mume wangu. Nipe namba!"

"Saba... nukta... sifuri... nne..."

Alitaja moja moja. Jussara alizirudia kwenye redio, sauti kavu, machozi yakimdondokea mumewe usoni. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Kila moja ilikuja polepole kuliko iliyotangulia.

"...mbili... tatu."

Ya kumi na sita.

Midomo ilifunguka kwa ya kumi na saba. Haikutoa kitu.

"Jussara! Ya mwisho?"

Jussara aliweka vidole shingoni mwa mumewe.

"Zimebaki dakika tatu! Ya mwisho ni ipi?"

"Hatunaye tena," alisema Jussara. "Tarakimu moja ina njia kumi tu, bosi. Sifuri mpaka tisa. Zuieni zote kumi."

Redio ilikoroma. Jussara alimfumba mumewe macho. Saa ya ukutani ikagota kumi.

"Imekuja," Zuleica alihema. "Imekuja na imegonga mwamba! Wote mia moja arobaini na wawili wako salama." Akashusha sauti. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Tumeni watu wamchukue. Wasimburute."

Alifuta damu mikononi, akachukua helmeti, akatoka polepole kama mteja aliyemaliza kahawa yake.

Nje, akiwa amekalia pikipiki, alifungua simu. Jibu la Otacílio lilikuwa bado pale kwenye orodha. Akaandika chini yake, kwa jina la yule mwanafunzi:

"Asante, mwalimu. Nimeelewa. Kumi na saba."

Akasubiri kidogo, kama mjinga, aone kama atajibiwa.

Kisha akavaa helmeti na kuwasha.