Mapendo na Orodha Iliyopunguzwa

Kila siku kengele ya mapumziko ilipogongwa, Mapendo alijifanya ana haraka. Alitoka darasani amekaza mwendo kama mtu aliyeitwa mahali, na wala hakuna aliyemwita. Alizunguka nyuma ya madarasa, akala mhogo wake wa kuchemsha akiwa amesimama, kisha akarudi.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alihamia Ujiji katikati ya mwaka kutoka Kagunga, akaja kukaa na shangazi yake Merina. Wasichana wa darasa lake hawakumchukia. Walikuwa tu wameshapata marafiki wao kabla yeye hajaja. Nyumbani, shangazi alirudi kutoka kuuza dagaa akiwa hoi, akamuuliza kama amekula, akajilaza. Mapendo hakuwa na wa kumwambia upweke wake.

Siku moja Mwalimu Haruna, aliyefundisha kompyuta, akataka mwanafunzi mwenye subira. Mapendo alinyoosha mkono kabla hajajua kazi yenyewe.

Kulikuwa na kompyuta moja ya ziada. Ingepelekwa Kagunga, kwenye shule ileile aliyosoma Mapendo. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo kila programu ilipaswa kuwekwa Ujiji kabla ya Ijumaa. Siku hiyo Mwalimu Gasper wa Kagunga, aliyekuwa mjini kwa semina, angepanda boti pale Kibirizi na kuondoka nayo.

“Hatuhangaiki na programu moja moja,” Mwalimu Haruna alimweleza. “Kompyuta yetu inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, na hiyo ya pili utaiwekea Linux. Kisha unaiamuru hii yetu iandike majina ya programu zote ilizonazo. Majina yanaingia kwenye faili dogo. Unalibeba kwa flashi, unaisomesha ya pili, nayo inazishusha zote kutoka mtandaoni mpaka zifanane.”

“Yaani nabeba majina tu, mwalimu?”

“Majina tu. Jina likikosekana kwenye orodha, na programu yake itakosekana.”

Basi Mapendo akapata pa kwenda. Jumatatu alipangusa vumbi, Jumanne akaweka Linux. Mwalimu alipita akiuliza, “Vipi, fundi?” na neno hilo lilimfanya atabasamu hadi jioni. Kwa mara ya kwanza tangu aje Ujiji, kengele ilipogongwa alikuwa na haraka ya kweli.

Jumatano ikawa siku ya orodha. Faili lilikuwa tayari kwenye flashi, na hapo ndipo wazo baya lilipomjia. Kesho kazi itakwisha. Kompyuta itaingia kwenye boksi, na yeye atarudi nyuma ya madarasa na mhogo wake. Msidhani Mapendo alikuwa mtoto mkorofi. Aliogopa tu, na mwenye hofu hufanya mambo ya ajabu. Alifungua orodha, akafuta majina kumi na mawili, ndipo akaisomesha kompyuta ya pili.

Alhamisi Mwalimu Haruna alitafuta programu ya hesabu, hakuiona. Akatafuta ya ramani, hakuiona.

“Imekuwaje hii?”

“Labda mtandao ulikatika, mwalimu,” Mapendo alisema huku akitazama kucha zake. “Niachie wiki ijayo, nitaimalizia.”

Mwalimu alishusha pumzi. “Sawa. Siwezi kumpa mwenzangu kitu nusu.”

Ijumaa boti ikaondoka bila kompyuta. Mapendo alijiona ameshinda.

Jumapili mama yake alipiga simu ya shangazi. “Mdogo wako amenishinda,” alisema. “Heritier alishinda ufukweni Ijumaa akiingoja hiyo kompyuta uliyotuambia. Aliwatangazia wenzake wote kwamba dada yake ndiye anayeitengeneza. Boti ikafika, mwalimu akashuka na begi lake tu. Wakamcheka, wakamwita mwongo. Tangu juzi amejifungia ndani, hataki kucheza na mtu.”

Mapendo alimrudishia shangazi simu. Alijua vizuri mno jinsi mtu anavyokaa ndani akisikiliza sauti za wenzake nje.

Jumatatu alfajiri alimngoja mwalimu mlangoni.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mbona mapema hivi?”

“Mtandao haukukatika. Nilifuta majina mimi mwenyewe.” “Kazi ikiisha, sina pa kwenda wakati wa mapumziko. Na sasa Heritier, mdogo wangu wa miaka tisa, amejifungia ndani kwa sababu yangu.”

Mwalimu Haruna akawasha kompyuta zote mbili. “Tuchukue orodha upya,” alisema.

Walifanya kazi kila mapumziko kwa siku mbili. Jumanne waliandika orodha ya kila kompyuta na kuzilinganisha jina kwa jina, na safari hii hakuna lililopungua. Mzee Feliksi, nahodha wa boti ya Jumatano, akakubali kubeba boksi.

“Nimekasirika, sikufichi,” mwalimu alisema walipokuwa wakilifunga boksi. “Kukosa rafiki si kosa, Mapendo. Kosa ni kutafuta dawa yake kwa uongo. Ulitaka upweke wako upungue. Haukupungua hata kidogo, ila umempelekea upweke mwingine mtoto wa miaka tisa kule Kagunga. Ungeniambia Jumatano ile, ningekukaribisha hapa kila siku, kazi iwepo isiwepo. Na kuanzia kesho utakuja. Zuhra wa darasa lenu naye anataka kujifunza, utamfundisha wewe.”

Kisha akatoa simu yake mfukoni. “Sasa mwambie mdogo wako. Ukweli, si habari za mtandao.”

Mapendo alipiga simu ya mama yake, akamweleza Heritier yote, tangu majina kumi na mawili hadi mapumziko ya nyuma ya madarasa. Heritier akauliza:

“Kwa hiyo huko huna rafiki hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Na kila ukipiga simu unatuambia Ujiji ni raha,” Heritier alisema. “Mbona hukusema, dada?”

Mapendo akaanza kulia, na mara hii hakujificha.