Nani Kamgeuza Mshonaji?

Saa nne na dakika tano asubuhi, Mshonaji alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, na hakuna mtu aliyemgeuza.

Jambo dogo, utasema. Dogo kwa nani? Mshonaji, mama wa kitanda cha nne, alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini mpaka kiharusi kikamwachia macho mawili na nusu ya ulimi. Ukimlaza chali saa mbili, saa kumi utamkuta chali, labda umgeuze wewe. Na saa mbili ile alikuwa amelazwa chali na msichana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya usaidizi wa wauguzi, ambaye wodi nzima ilimwita Mwandiko kwa sababu aliandika vizuri kuliko wote.

Mwandiko alisimama pale na beseni mkononi, akatazama karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Saa nne, kushoto. Imesainiwa. Sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa ameiweka saa moja na nusu, kabla hata ya kuvaa glovu.

Wodi ile ilikuwa na wanawake wanane wasioweza kujigeuza, na sheria ilikuwa moja tu: kila baada ya saa mbili mgonjwa ageuzwe, kulia, chali, kushoto, kisha aliyemgeuza aandike na kusaini. Usipomgeuza, nyama inaoza akiwa hai. Hilo ndilo somo la kwanza la mafunzo yale, na ndilo la kwanza kusahauliwa. Kila asubuhi Sista mkuu alimwita Mwandiko ofisini.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu. Jaza karatasi zote za leo."

"Mpaka saa ngapi, Sista?"

"Mpaka saa kumi."

"Lakini saa kumi haijafika."

"Itafika tu. Kwani lini haikufika?" Sista alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Wagonjwa wanane, wasaidizi wawili. Mimi nina mikono mingapi? Ukitaka kunifundisha kazi, sema, nikuachie kiti. Ila kumbuka fomu yako ya cheti naijaza mimi."

Akajaza. Akasaini! Na hapo ndipo hasira inaponipanda mimi ninayesimulia, kwa sababu msichana huyu hakuwa mjinga. Mama yake mzazi alilazwa kwa nyonga iliyovunjika, akarudishwa nyumbani na tundu chini ya mgongo ambalo yai lingeingia. Siku ya kumtoa, Mwandiko aliiona karatasi ya mama yake. Ilikuwa imejaa. Kila kisanduku, sahihi. Akalia mbele ya watu, akaapa kwamba atasomea kazi hii ili mama yake asiguswe tena na mkono wa mwongo. Mara ya kwanza alianguka mtihani, maana mama alizidiwa wiki ileile. Hii ilikuwa mara ya pili na ya mwisho, kanuni haikuruhusu ya tatu. Bila cheti hakuna wodi ambayo ingemwajiri, na bila ajira mama angerudi kwenye vitanda vya watu wasiomjali. Kwa hiyo akawa anasaini. Alijichukia kila asubuhi, na alisaini kila asubuhi.

Alipomwambia msaidizi mwenzake habari za Mshonaji, yule dada alipunga mkono.

"Acha wageuke. Kama wamechoka kutungoja, shida yetu nini?"

"Dada, yule hawezi hata kukunja kidole."

"Basi tumeletewa mfanyakazi wa bure. We kunywa chai yako."

Wakacheka. Wiki ile wodi ilikuwa na raha isiyo kifani. Saa nne ikifika, wote wanane walikuwa wamegeuka. Saa sita, hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza. Ni mama wa usafi tu, mwanamke mkimya aliyesugua sakafu zile miaka kumi na sita, aliyeanza kupiga deki mpaka katikati ya chumba na kuishia hapo. Upande wa vitanda alikuwa hapiti tena.

Kisha Mwandiko akaanza kuona alama. Alikuwa akimwosha Mshonaji, akainua gauni, akakuta nyongani michubuko ya vidole. Vilikuwa virefu mno. Vilianzia tumboni, vikazunguka kiuno chote, vikakutana uti wa mgongo. Na palikuwa na harufu, si ya mkojo wala ya dawa ya sakafu, ambazo pua yake ilishazizoea, bali ya kidonda kilichofungwa siku nyingi bila kufunguliwa. Alimtafuta Mshonaji mwili mzima. Hakuwa na kidonda.

"Nani anakugeuza, mama?" alinong'ona.

Macho ya Mshonaji yalitoka kwake, yakapanda juu ya bega lake, yakatulia pale. Ulimi ukajikokota. "Wee... we."

Alhamisi Mwandiko hakwenda chai. Ilipobaki dakika moja kufika saa sita alijibana nyuma ya pazia la kitanda cha tano, jua limejaa dirishani, redio ya walinzi ikisikika kwa mbali, akaweka jicho kwenye upenyo. Kwanza ilikuja ile harufu. Halafu godoro la Mshonaji likabonyea upande mmoja, pakaingia mashimo mawili, ya magoti ya mtu mzito anayepanda kitandani, na Mshonaji akafumba macho kwa nguvu, na shuka likavutwa bila mkono, na bega lake la kulia likainuka taratibu, taratibu, likasimama hewani muda ambao Mwandiko alishindwa kuvuta pumzi, kisha mwili mzima ukapinduliwa kwa kishindo kimoja, mto ukasukumwa nyuma ya mgongo pale hasa walipofundishwa kuuweka, na kitu kile kikashuka, kikaenda kitanda cha tano, kikapita karibu naye kiasi kwamba pazia lilimgusa usoni, na kikapumua.

Alikimbilia ofisini. "Sista, kuna kitu kinawageuza. Nimekiona. Yaani sijakiona, lakini kipo!"

Sista mkuu alifunga mlango. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Shusha sauti," alisema. "Wanageuzwa au hawageuzwi?"

"Wanageuzwa."

"Vidonda vipo?"

"Hamna, lakini..."

"Basi fanya mtihani wako Jumatatu uende zako."

Jioni ile alifika nyumbani akiwa na viatu mkononi. Mama yake alikuwa amelala akitazama ukuta, mto umesukumwa vizuri nyuma ya mgongo. Kwa kawaida jirani alikuja kumgeuza mchana.

"Jirani amekuja saa ngapi, mama?"

"Hajaja leo, kasafiri. Si umekuja wewe?" Mama aliongea na ukuta. "Saa nne, saa sita, saa nane. Nikasema leo mwanangu karuhusiwa. Ila kwa nini husemi, mama? Na mikono hiyo, mbona baridi hivyo? Umeniumiza."

Mwandiko aliinua khanga ya mama yake. Vidole vilikuwa vimezunguka kiuno chote.

Hakulala. Ijumaa asubuhi aliingia ofisini bila hata kusema shikamoo. "Sisaini tena."

Sista alivuta droo, akatoa fomu ya cheti, akaiweka mezani, akaweka kidole juu ya mstari mtupu wa sahihi ya msimamizi. Na Mwandiko, jamani, baada ya yote yale, akasaini. Siku hii tu, alijiambia. Imebaki siku moja tu.

Asichokijua ni kwamba Sista, kwa kumwogopa mkaguzi aliyekuwa anakuja Jumatatu kusimamia mtihani, alikuwa ameandaa seti nyingine ya karatasi kwenye faili lake, safi, amejaza mwenyewe kwa kichwa tu. Karatasi ya kitandani ilisema Mshonaji, saa nane, kulia. Ya faili ilisema Mshonaji, saa nane, kushoto.

Saa nane ikafika. Mayowe ya Mshonaji, mwanamke ambaye kwa miezi minne hakuwa ametoa sauti kubwa kuliko ya kikombe kikiwekwa mezani, yalisikika mpaka getini, na waliokimbia walikuta kiuno chake kimelazwa kulia na mabega yake yamelazwa kushoto, na vyote viwili vikiendelea kwenda, kila kimoja upande wake, polepole na kwa bidii, kwa utii wa mfanyakazi aliyepewa amri mbili na anayetaka kuzitimiza zote, na Mwandiko akarukia kitanda, akamkumbatia Mshonaji kwa mikono yake miwili, akivuta kurudisha, akilia, "Acha! Mwache! Nimekosea, mwache!" mpaka kitu fulani ndani ya yule mama kikakatika, na wodi ikanyamaza.

Sista alifika akihema. Alitazama kitanda, akatazama saa, akageukia karatasi.

"Andika kwamba alianguka," alisema.

Mwandiko alimtazama. Alikuwa na hamu ya kumpiga, na nawaambia ukweli, angempiga ningemshangilia. Alichoweza ni kutema mate sakafuni mbele ya viatu vyake vyeupe. "Ameshonea watu nguo miaka arobaini. Wewe unasema alianguka?"

Mama wa usafi ndiye aliyemtoa nje, akamkalisha kwenye ngazi za stoo ya maji. Marehemu baba wa mwanamke huyu alikuwa mganga, naye tangu utotoni alimbebea mkoba, kwa hiyo alijua kidogo.

"Nimewaambia Sista wawili kabla ya huyu, wakanicheka," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, hicho kitu hakikuja chenyewe. Mmekiandika. Kazi ikishasainiwa na haina mtu aliyeifanya, ni mlango wazi. Kinaingia kinaifanya, na mikono kinayotumia ni ya aliyesaini. Ndiyo maana kimekwenda kwa mama yako. Kinajua yule ni wa mikono yako."

"Kinatolewaje?"

"Baba alikuwa anakiuliza kimeletwa na nani. Kikitajiwa mtu kinaondoka, kinamfuata huyo. Lakini chako kimeletwa na wewe. Futa kila sahihi ya uongo, usome kwa sauti, mbele ya mwenye mamlaka. Cheti utakosa. Nakwambia mapema."

Jumatatu mkaguzi alikuja, mwanaume mnene mwenye suti na kalamu mbili mfukoni. Watahiniwa walisimama kwa mstari. Ilipofika zamu yake, Mwandiko alichukua faili zima la karatasi za vitandani, akafungua, akaanza kupiga mstari.

"Kitanda cha kwanza, saa nne, hakugeuzwa. Nilisema uongo. Saa sita, hakugeuzwa. Nilisema uongo."

"Huyu ana nini?" mkaguzi aliuliza.

"Kitanda cha nne..." Aliisogeza karatasi karibu na macho. "Saa nane, niliandika kulia. Sikumgusa. Amekufa."

Alisoma visanduku mia mbili na kumi. Sista alijaribu kumnyang'anya faili mara mbili, na mara zote mbili mama wa usafi aliisukuma ndoo yake katikati yao. Alipomaliza, harufu ilikuwa imekatika. Kila mtu mle ndani alivuta pumzi bila kujua kwa nini.

"Umejimaliza," Sista alimwambia.

"Najua. Shikamoo."

Nyumbani alikuta mama analalamika. "Umechelewa! Tangu asubuhi nimelala hivihivi, mgongo unawaka moto, hakuna hata wa kuniuliza!" Mwandiko alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi. Kisha akamgeuza, kwa mikono yake, na mama akasema leo mikono ina joto.

Laiti yangeishia hapo. Wiki mbili baadaye aliitwa ofisini kwa mkaguzi. Yule bwana alisimama, akampa mkono, akampa na bahasha.

"Hongera. Umefaulu."

Cheti. Jina lake, muhuri, kila kitu. Mwandiko alikigeuza mara mbili. "Kwa faili lipi?"

"Tuseme lile lingeleta maneno. Kituo kingefungwa, watu wangekosa kazi, wewe mwenyewe ungekosa. Nimekusaidia." Alifungua droo, akamwonyesha kwa fahari. Karatasi mpya. Visanduku vyote vimejaa. Na chini ya kila kimoja, sahihi ya Mwandiko, imeigwa vizuri kabisa. "Nimeziandika mwenyewe, usiku kucha. Usinishukuru."

Hakumshukuru. Alikimbia njia nzima, cheti mkononi, na kabla hajafungua mlango harufu ilimpokea. Mama alikuwa amelazwa kutazama ukuta, mto umesukumwa nyuma. Godoro lilikuwa limebonyea mashimo mawili, na halikuwa limerudi juu.

"Niache sasa, mwanangu," mama alinong'ona. "Umeshanigeuza. Inatosha."

Mwandiko alisimama mlangoni. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini ilisukumwa pembeni na kitu kikubwa zaidi, hasira iliyoanzia kwenye tundu la mgongo wa mama yake, ikapitia kwa Mshonaji, ikafika pale mlangoni haina pengine pa kwenda.

"Toka kitandani kwa mama yangu," alisema. "Sahihi hizo si zangu. Sikuandika mimi."

Godoro halikutikisika. Kisha mdomo wa mama ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama. Ilikuwa nyembamba, ya heshima, ya mfanyakazi anayeuliza maelekezo.

"Nani basi?"

Mwandiko aliwaza kwamba yule bwana alikuwa na mke. Aliikumbuka picha ya watoto watatu mezani kwake. Alitazama cheti, pale chini mkaguzi alipoandika jina lake mwenyewe, kamili, kwa herufi kubwa, akalisoma kwa sauti: lake, la baba yake, la babu yake, polepole, kama anavyosomewa mgonjwa mpya akipangiwa kitanda.

Godoro likarudi juu. Mama akaanza kulalamika kwamba mgongo unauma, na Mwandiko akaenda kunawa mikono.