Sindano za Wanga

"Roza, unga umeingia wadudu."

Severina Kalinga aliikaza simu mkononi. Roza lilikuwa jina lake la kazi. Unga ni nyumba hii ya wageni ya Ipogolo, ambako kwa wiki mbili alijifanya mhudumu. Wadudu ni muuaji.

"Wangapi?"

"Mmoja. Hatumjui." Mkuu wake, Magesa, alikuwa anapiga kutoka Mbeya. "Bujiku amefariki jana, Soweto ya hapa Mbeya. Alipeana mkono na mtu mlangoni. Robo saa baadaye moyo ukasimama."

Severina akaegemea ukuta. Juzi tu Bujiku, mpelelezi mwenzake, alimcheka anavyoendesha Peugeot 504.

"Mtu huyo alidondosha plasta, ndogo kama sarafu," Magesa aliendelea. "Upande mmoja una mamia ya sindano, fupi kuliko punje ya chumvi. Ni wanga uliochanganywa na unga laini wa udongo. Zikiingia kwenye ngozi zinayeyuka, hazibaki. Mtu wa maabara anasema zilibuniwa kupitishia dawa, mtoto achanjwe bila kulia. Makaburu wamezitia sumu."

"Anaibandika kiganjani?"

"Kiganjani. Na Mzee Isakwisa anakuja hapo, ameshapita Mafinga."

Mzee Isakwisa ndiye aliyepanga safari za wapigania uhuru kwenda kusini. Njia zote alikuwa nazo kichwani.

"Nimzuie barabarani?"

"Ukimzuia, muuaji atashtuka, atatoweka na plasta zilizobaki. Mtafute kwanza. Una saa moja."

Simu ikakatika.

Wageni waliomsubiri Mzee walikuwa watatu, na jana wote walishinda safarini. Mhandisi wa barabara. Daktari wa mifugo, Mzungu mkimya. Na Philbert, mnunuzi wa pareto, aliyemwamkia Severina kwa Kihehe kila asubuhi.

Alisimama jikoni. Apeane mkono na kila mmoja, afe wa kwanza?

Macho yakatua kwenye birika la kunawia.

Wanga huyeyuka.

Alichomeka bastola yake ya Browning kiunoni, akajifunga kitenge juu yake. Akawanong'oneza askari wawili waliojifanya wapishi. Akabeba birika na beseni.

"Karibuni mnawe, chakula kinakuja."

Daktari alikunja mikono ya shati, akanawa vizuri mikono yote miwili. Huyu ndiye ambaye Severina alimshuku zaidi.

Mhandisi akanawa.

Philbert akatoa mkono wa kushoto tu.

"Wa kulia nimeungua, dada. Nitakula kwa kijiko."

Asubuhi hiyo alikuwa amefungua mlango wa gari kwa mkono huohuo.

"Pole, kaka. Maji yatakupoza."

Akammwagia birika zima kiganjani.

Philbert aliruka. Kiganja kilichorowa kikamkaba Severina shingoni. Alihisi kitu laini kikiteleza kwenye ngozi, kama uji. Akamkandamiza Browning mbavuni.

"Niachie. Kaa chini."

Philbert akakaa. Askari wakatoka jikoni na pingu. Wageni wale wawili wakarudi nyuma mpaka dirishani, midomo wazi.

Plasta iliyoteleza kiganjani ilielea ndani ya beseni.

Je, sindano zote zilikuwa zimeyeyuka kabla hajamgusa? Severina hakujua. Alivuta kiti, akaitazama saa ya ukutani.

Dakika tano. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Dakika kumi. Alijaribu kusali, maneno yakampotea.

Philbert alimwangalia bila kupepesa, naye akisubiri.

"Bado?" aliuliza taratibu.

"Bado," Severina akajibu.

Dakika kumi na tano. Moyo ulipiga kwa kishindo.

Kumi na nane.

Ishirini.

Aliinuka. "Mpelekeni. Mpitisheni mlango wa nyuma. Plasta nyingine mzitafute chumbani kwake, na msizishike kwa mikono."

Walipokuwa wakimtoa, Land Rover ikanguruma uani. Mzee Isakwisa akaingia, vumbi mabegani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo, mwanangu?"

"Ni maji ya kunawa, Mzee. Karibu. Chakula ni cha watu watatu."

Akafungua kitenge, akakikunja na bastola ndani yake, akatoka polepole bila kugeuka. Kazi ya Roza ilikuwa imekwisha. Akashuka ngazi kwenda barabarani.