Barua ya Nduku Niliyoificha

Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, mpiga chapa mstaafu, mkazi wa Jericho hapa Nairobi. Wasomaji wenzangu, jambo hili nimelibeba hadi nimechoka... nihukumuni mtakavyo!

Mwanangu Salim alikwenda Kanada akaacha kuandika. Nikasikia kuna barua pepe, unaandika leo inafika leo. Sikutulia tena! Kompyuta kuukuu nilikuwa nayo, simu ya waya pia, lakini huduma ya mtandao... Nilizunguka mjini ofisi baada ya ofisi, zote zikinitajia bei za makampuni. Msichana mmoja wa mapokezi akacheka, "Shosho, intaneti ya nini sasa?" Kwani bibi mzee hana mtu wa kumkumbuka?

Aliyeniokoa ni jirani yangu Mama Nduku, mjane wa mchonga vinyago. Binti yake Nduku alikuwa Ujerumani. Tukajiunga pamoja, anwani moja, gharama nusu kwa nusu. Hakujua kusoma, hivyo kila Jumamosi alikuja kwangu nimsomee barua na kumjibia.

Barua za Nduku zilifuatana. Za Salim? Hata moja! Nilifungua asubuhi, nikafungua jioni, chakula kikanishinda. Wivu ulinila, sifichi.

Ndipo Nduku akaandika kwamba ana mimba ya kwanza na anaogopa. Alimtaka mama yake ahamie kwake kabla hajajifungua, ajibiwe upesi ashughulikie hati za safari.

Niliisoma mara tatu, nikizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga. Mama Nduku akiondoka, nani atatoa nusu yake? Peke yangu siwezi. Mtandao utakatwa... na Salim je, akiandika siku hiyohiyo?

Jumamosi ikafika. "Mama Salim, kuna kitu imeingia?"

Nikamwambia hakuna. Mdomo wangu huu! Alipotoka nikaandika kwa jina lake kwamba magoti yanamsumbua, hawezi kusafiri. Nduku akasihi tena na tena. Nami nikajibu magoti, magoti... mpaka Nduku akanyamaza; na kila Jumamosi nilimwambia mama yake hakuna barua.

Kupiga simu kutoka Ulaya kulikuwa ghali, na Nduku, ingawa nambari yangu alikuwa nayo, hakuwa amewahi kupiga. Jumamosi moja akapiga, mimi nikiwa nje naanua nguo. Mama Nduku alikuwa ndani akinisubiri, akaipokea, nikamsikia kupitia dirishani.

"Magoti? Nani amekuambia magoti yangu inauma?"

Kisha nikasikia kilio chake. Nduku alikuwa amejifungua peke yake, na mtoto hakuishi hata wiki.

Nilimweleza yote, nikilia: Salim, wivu, hofu ya mtandao kukatwa. Hakunitukana. Aliondoka bila kuniaga, na kwa majuma mengi hakukanyaga kwangu. Hati zake za safari zilipotoka alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni.

"Si ungeniambia tu? Hiyo nusu ningelipa hata nikiwa huko."

Akaenda zake. Mtandao ulikatwa kama nilivyohofia, na hadi siku hiyo Salim hakuwa ameandika neno.

Wenzangu, changieni mtandao, si dhambi. Lakini ukiaminiwa barua ya mwenzako, msomee hadi nukta ya mwisho, hata ikikuchoma. Na kama una hofu, mwambie! Mimi niliishi jirani na mtu ambaye angenisaidia, na sikumwuliza.