Mwenge Usio na Moto

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, fundi cherehani alichomoa kebo ya intaneti.

"Nikiiacha, programu itatushtaki kwa walioitengeneza," alimwambia mkewe, ambaye ndiye aliyeendesha mashine ya kudarizi.

Programu hiyo iligeuza michoro kuwa mishono. Rafiki yao aliwapa kwenye flashi, ikiwa imeshavunjwa kufuli la malipo.

Siku hiyo walikuwa na kazi ya nembo mia tatu za sweta za shule. Kesho yake mwalimu mkuu angekuja kuona sampuli. Isipomridhisha, kazi ingeenda kwa fundi mwingine.

Mashine ikanguruma. Mke akainua kitambaa. Nembo ilitakiwa kuwa na kitabu na mwenge unaowaka. Mwenge ulitoka bila moto.

"Hiki nini, mwiko?" aliuliza.

Wakarudia mara tatu. Mara ya tatu kitabu nacho kikapinda.

Wakamwita jirani yao, fundi wa kompyuta. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama kebo inayoning'inia, akacheka.

"Jirani, hii ni programu ya wizi. Aliyevunja kufuli ameharibu na mengine, halafu ameacha virusi humo. Umewaandikia walioitengeneza?"

"Niwaandikie nini?" mume akauliza. "Kwamba nimewaibia na naomba msaada?"

"Umejijibu mwenyewe."

"Mimi sijaiba, bwana. Nimepewa tu."

"Na mtu akinakili mitindo yako yote, akawagawia mafundi wa mtaa mzima?"

Mke akadakia. "Huyu? Aliigwa kola moja tu, hakula siku mbili!"

Mume akainamisha kichwa, kisha naye akacheka. "Haya, tufanyeje?"

"Leseni ni ruhusa ya mwenye kazi. Soma masharti yake. Ya matumizi ya nyumbani si ya biashara. Ya kompyuta moja usiiweke kwenye mbili. Zipo hata za bure, ambazo mwenyewe ameruhusu zitumike kibiashara. Ila chukua kwa mwenyewe, si kwenye flashi ya mtu."

Wakahifadhi michoro yao. Jirani akafuta programu ya wizi na kusafisha virusi. Wakachomeka kebo, wakachagua programu ndogo, ya kulipia kila mwezi, inayotosha kazi za nembo. Leseni wakaichapisha na kuiweka kwenye faili. Mke alipokwama kwenye rangi za moto, aliwaandikia watengenezaji. Jibu lilikuja kabla ya alasiri, lenye maelekezo hatua kwa hatua.

Kesho yake mwalimu mkuu aliipokea nembo, mwenge wake sasa ukiwaka. Akaipitishia kidole, akaigeuza nyuma kukagua nyuzi.

"Mishono imetulia. Nazitaka zote mia tatu kufikia Ijumaa. Mmefanyaje?"

Mke akamweleza yote, bila kuficha kitu.

Mwalimu mkuu akakohoa kidogo, akasogeza kiti karibu.

"Huyo jirani yenu," alisema kwa sauti ya chini, "anaweza kupita ofisini kwangu leo? Na sisi tuna flashi ya mtu."