Tundu la Msumari

Jioni ile nilikuwa natafuta msumari. Msumari mmoja tu, na nyumba nzima haumo!

Ilikuwa mwaka 1994, hapa Shituru, Likasi. Umeme ulikatika tangu asubuhi, mshahara wa kiwandani ulishageuka hadithi, na watoto wangu walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Alfajiri ningeondoka kwenda Kakanda kuchimba mawe. Mashimo ya kule yanafukia watu, na kwetu hushuki shimoni kabla baba hajakutemea mate ya baraka kifuani.

Baba, mzee Kabamba, alikuwa mgonjwa kitandani. Alisema atanibariki akishavuta ile sigara nene ya mwisho, ile inayozibwa kichwani, iliyobaki katika boksi alilopewa na mabosi wake alipostaafu.

Sawa, avute basi! Wapi.

"Usikate kichwa yake, Octave," alinong'ona. "Toboa na musumari. Katundu kadogo tu."

"Papa, nikate na wembe. C'est la même chose, ni sawasawa tu."

"Nasema toboa!"

Miaka yote alizitoboa hivyo, kwa msumari uleule. Nami juzi nilikuwa nimeugongelea kwenye soli ya kiatu changu cha safari. Sikumwambia; nikatafuta mwingine.

Nikatoka uani na sigara mkononi, nimenuna. Harufu ya asidi ikanifikia. Siyo ile ya kila siku kutoka kiwandani. Hii ilikuwa karibu... karibu sana.

"Bonsoir, mutoto ya Kabamba."

Mtu alisimama kwenye kona ya ukuta. Koti la kazi amelifunga vifungo mpaka kidevuni, na joto lote lile.

"Unatafuta nini?"

"Musumari, papa. Ya kutoboa hii sigara."

"Kutoboa ni ya baoga. Minye niko na mashini ya kukata." Akanionyesha kijichuma chenye tundu na wembe ndani. "Chagua weye mwenyewe. Nikate ao nisikate?"

Nilikuwa nimechoshwa na masharti ya mgonjwa. Nimechoka kabisa!

"Kata."

Kwap.

Kichwa cha sigara kikaangukia kiganjani mwake. Akakifumbata.

"Merci. Tutaonana Kakanda."

Sikuwa nimemwambia habari ya Kakanda. Nilipoinua macho, palikuwa na ukuta tu.

Ndani giza lilishaingia, baba hakuona kitu. Nikamwashia. Akavuta. Moshi haukutoka mdomoni. Haukutoka puani...

Ulitoka shingoni.

Uzi mwembamba wa moshi, ukizunguka shingo yote.

"Ni nani alikata?"

"Muntu moya, papa. Koti yake inafungwa mpaka huku."

Baba akaanza kulia. "Numbi. Mashini ya kiwanda ilimukata kichwa. Ile siku ilikuwa tour yangu, zamu yangu ya kazi. Njo minye nilimutuma aingie pa nafasi yangu."

"Ulikuwa unajua ile mashini ni mubaya, papa?"

Akafumba macho. Nikapiga magoti, nikafungua shati langu. Hofu ilinishika hata nikamfokea mtu anayekufa: "Nibariki basi! Nibariki!"

Alijaribu. Mdomo ulifunguka, mate hayakuja. Ulikuja moshi, ukanigusa kifuani, baridi.

Tulimzika Alhamisi. Leo wenzangu wako barabarani na masururu, wananiita: "Octave, tunaenda ao?"

Nimechukua kiatu. Msumari haumo. Soli ina tundu dogo, na ndani, pale pa kisigino, kimelala kichwa cha sigara kinachonuka asidi.

Watoto hawajala tangu jana. Nimekitupa kichwa hicho uani, nimevaa kiatu, nafunga kamba.